Pumzi Niliyoisikia Muyinga

Nilikwenda Muyinga kwa ajili ya kazi, na wengi mliobaki Gitega mmeshasikia kilichotokea kule. Wengine wanasema yule kijana alilogwa. Wengine wanasema alipigwa na umeme wa mashine yangu, na hilo nimelisikia hata sokoni, mtu akilisema bila kujua kwamba nimesimama nyuma yake. Kwa hiyo naandika safari yote kama ilivyokwenda, tangu tulipotoka nyumbani Musinzira, hapa Gitega, mpaka tuliporudi.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Jina langu ni Neema. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, upande wa Kasulu, nikarudi Burundi na wazazi wangu nikiwa msichana mkubwa. Kazi ya sauti nilijifunzia kanisani, kwenye maikrofoni za kwaya. Sasa niko na kundi linalotangaza mashindano ya michezo ya video, ule wa mpira wa miguu unaochezwa kwenye skrini. Vijana wawili wanakaa mbele wakishindana, ukumbi unapiga kelele nyuma yao, na wengine wanafuatilia kwenye simu popote walipo.

Mashine yangu tunaiita mikseri. Ni boksi jeusi lenye vitufe na taa ndogo za kijani, na kazi yake ni kuunganisha kaske zote kwa nyaya za mtandao. Kaske ndilo jina letu la kile kifaa cha kuvaa kichwani, kinachofunika masikio mawili na kuweka kimaikrofoni mbele ya mdomo. Kila kaske ina njia yake. Mchezaji anasikia mchezo na mwamuzi. Mtangazaji anamsikia mwenzake na mratibu. Maneno ya wachezaji hayarushwi hewani. Mimi peke yangu naweza kufungua njia ya mtu yeyote na kumsikia, na nina kitufe kimoja kinachoingiza sauti yangu masikioni mwa wote.

Jumamosi alfajiri tulitoka Musinzira tukiwa watu wanne. Bosco, dereva, alikuwa na gari lake dogo tulilolikodi. Mbele alikaa Désiré, mratibu wa mashindano, mtu mwenye haraka ambaye hata akila anasimama. Nyuma nilikaa na Hassani, mtangazaji wetu, kijana wa familia ya mafundi cherehani wa mjini Gitega, ambaye sauti yake inajulikana kuliko sura yake. Mikseri niliiweka mapajani, nimeifunga kwa kitenge.

Désiré alikuwa amechangamka. Mshindi wa Muyinga alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano makubwa, na jambo hilo lilikuwa limewatoa vijana kwenye kolini zote, yaani vilima tunavyoishi, za kaskazini.

Njia fupi ya Muyinga inapita Karuzi, lakini sisi tulizunguka kwa Mutaho, kwa sababu huko Hassani alikuwa na binamu aliyeahidi bidoni moja ya esansi. Nyumbani kwetu bidoni ni dumu na esansi ndiyo petroli, na siku hizi mtu akiipata anaongea kwa sauti ya chini. Njiani tulipita foleni ya magari matupu yaliyoegeshwa kando ya kituo, madereva wamelala kwenye nyasi na viatu vyao wameviweka chini ya kichwa kama mto.

Mutaho tulikuta soko linaanza. Watu wa baiskeli walikuwa wanapandisha ndizi mlimani, wameinama hadi uso unakaribia usukani. Binamu wa Hassani alituingiza nyuma ya duka lake, akafunga mlango, akafunua gunia.

"Ndiyo hii tu iko," alisema. "Nyingine nimempa padri."

Bosco alinusa bidoni, akaimimina kwenye tangi polepole, kisha akaiinua na kuikung'uta hadi tone la mwisho. "Tutafika," alisema. "Kurudi ndiyo sijui."

"Kurudi ni kesho," alisema Désiré. "Twende."

Kutoka Ngozi kuelekea Muyinga mvua ilitukamata, kisha ikatuacha. Hassani alilala. Désiré alikuwa kwenye simu njia nzima, akiahidi watu viti. Tulifika Muyinga mchana, tukafungua ukumbi tuliokodi, na nilipoangalia madirisha nikaona vijana wa pale wameshaanza kuyapigilia mablanketi ili mwanga usiharibu skrini. Nilimwambia Désiré kwamba kutakuwa na joto. Alisema watu wa Muyinga wamezoea joto, ingawa kule ni baridi na yeye anajua.

Jumapili, baada ya ibada, watu walianza kuingia. Ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa kwenye kingo za jukwaa. Kabla hatujaanza, umeme ulikatika. Jenereta ilikuwepo lakini waya wake ulikuwa mfupi, ikawekwa karibu na mlango wa nyuma, na moshi ukawa unaingia kila upepo ulipogeuka. Nililalamika. Waliisogeza kidogo, wakaifunika kwa bati. Moshi ukapungua, haukuisha.

Kabla ya mechi najaribu kila kaske. Nazungumza na mtu mmoja mmoja, na yeye ananijibu bila kuniona, maana mimi hukaa nyuma, kwenye kona.

"Kaske ya pili, unanisikia?"

"Nakusikia, dada. Vizuri kabisa."

Nilicheka. Kwetu Gitega mtu angejibu, "Iko bien." "Wewe umekulia Tanzania," nilimwambia.

"Na wewe pia," alijibu. "Wa kambi gani?"

Tulikuwa wa kambi moja. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo hatukufahamiana, lakini alilijua bomba la maji lililokuwa karibu na kwetu. Jina lake lilikuwa Eliya. Anatoka Buhinyuza, karibu na mpaka, wazazi wake ni wakulima waliorudi kama sisi. Mchezo aliujifunza kwenye kibanda cha video cha Muyinga mjini, alikokuwa akifyatua matofali siku za kazi.

"Dada, wewe uliwahi kufika Dar es Salaam?"

"Sijawahi."

"Hata mimi. Tumekulia Tanzania miaka yote ile, na Tanzania yenyewe hatujaiona. Tuliona uzio tu." Alikohoa. "Mwaka huu naingia kwa mlango wa mbele. Na barua ya mwaliko."

"Unakohoa."

"Vumbi la matofali hilo. Halina neno."

Nilifunga njia yake, nikaendelea na wengine.

Mchana ule Eliya aliwapiga wote. Hassani alimpenda mara moja. "Mi nawaambia, bandugu," alisema hewani, "ile kijana ya Buhinyuza iko na mkono ya daktari!" Ukumbi ukalipuka. Eliya hakusikia hata kidogo, kwa sababu kaske inafunika masikio. Alikuwa anaangalia skrini tu, mgongo ameuinamisha.

Wakati wa mapumziko kabla ya fainali, jenereta ilianza kukoroma. Désiré alitoka nje. Aliporudi ilikuwa inanguruma sawasawa, na mimi sikuuliza ameipa nini.

Fainali ilianza. Eliya alicheza na kijana mmoja wa Ngozi, mtulivu, mzuri. Kipindi cha pili Eliya alikuwa mbele kwa bao moja. Ndipo nikaona taa ya njia yake kwenye mikseri inapanda na kushuka. Taa ile hupanda mtu akiongea. Nilimtazama: mdomo wake ulikuwa wazi, lakini hakuwa anaongea. Taa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kwa mpangilio uleule. Nikafungua njia yake.

Ilikuwa pumzi. Ilikuwa inaingia kwa filimbi nyembamba na kutoka kwa mkwaruzo, kama mtu anavuta hewa kupitia kitambaa. Kimaikrofoni kilikuwa mbele ya mdomo wake kabisa, kwa hiyo nilimsikia kama vile amelala begani kwangu. Ukumbini hakuna aliyesikia. Waliokaa nyuma yake karibu kumgusa walikuwa wanapiga ngoma.

"Eliya, ni mimi. Unaumwa?"

"Niache, dada."

"Ni pumu?"

Alivuta hewa mara mbili kabla ya kujibu. "Bado kidogo tu."

"Dawa yako iko wapi? Ile ya kupuliza?"

"Imeisha. Nilizunguka famasi zote juzi. Haipo."

"Nasimamisha mchezo."

"Hapana." Hapo sauti yake ilibadilika. "Dada, nakuomba. Anayetoka kwenye kiti ameshindwa. Hiyo ndiyo kanuni. Bado kidogo, nakuomba sana, usiwaambie."

Nilimwangalia kutoka kwenye kona yangu. Mabega yake yalikuwa yanapanda hadi masikioni kila alipovuta hewa. Mama yangu mdogo alikuwa na pumu, na mabega kama yale nilishayaona kambini. Nikabonyeza kitufe cha wote.

"Mchezo usimame. Mchezaji wa kaske ya pili hapati hewa. Fungueni madirisha."

Hassani alikatizwa katikati ya neno. Mwamuzi alisimama. Kijana wa Ngozi aliweka chini kidude cha kuchezea, akainua mikono. Sauti ya Désiré iliingia sikioni kwangu: "Neema, we unafanya nini? Tuko live!" Nikafunga njia yake.

Eliya aliendelea kucheza peke yake kwa muda mfupi. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho hadi akaniona kwenye kona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona uso. Bado alikuwa amevaa kaske.

"Umeniharibia, dada," alisema. Mdomo wake nilikuwa nauona mbali, na maneno yalikuwa ndani ya sikio langu.

Halafu akainama mbele, kaske ikaanguka.

Watu walifikiri ni hitilafu ya umeme, wakapiga miluzi. Hassani aliruka kutoka mezani na kuanza kung'oa mablanketi madirishani kwa mikono. Mimi nilimfungua Eliya shati. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Tukambeba hadi nje, kwenye gari la Bosco, tukamlaza kiti cha nyuma.

Bosco aligeuza ufunguo. Gari lilikohoa, likanyamaza. Akageuza tena.

"Esansi iko wapi?" aliuliza. "Jana ilibaki!"

Désiré alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Hakuhitaji kusema. Mrija wa plastiki aliotumia kuinyonya kwenye tangi ulikuwa bado umelala chini, kando ya jenereta.

"Nilitaka mashine isizimike," alisema. "Bon... nilifikiri kesho tutatafuta nyingine. Nilifikiri kesho."

Bosco alikimbia kuizima jenereta na kumimina esansi yake kwenye bidoni, akimwagia pia viatu vyake. Hassani hakumsubiri. Alikuwa ameshapata mtu wa pikipiki miongoni mwa watazamaji. Wakamweka Eliya katikati, Hassani nyuma akimkumbatia kifuani, kichwa cha mgonjwa kimelala shingoni kwa dereva, wakaondoka. Nilikimbia nyuma yao kwa miguu, viatu mkononi, hadi hospitali.

Wauguzi walifanya yote waliyoweza kufanya. Walimpa oksijeni, wakamchoma sindano, wakatutoa nje. Tulikaa kwenye benchi. Shati la Hassani lilikuwa na mate ya Eliya begani na hakulifuta. Jua lilipokuwa linashuka, daktari alitoka, akatuuliza kama sisi ni ndugu zake. Hassani alisema ndiyo. Tukaambiwa.

Nilirudi ukumbini kufungasha vitu, kwa sababu ilibidi vifungashwe. Watu walikuwa wameondoka. Kompyuta ya matangazo ilikuwa bado inafanya kazi kwa betri, na hewani palikuwa na picha ya viti viwili vitupu. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Chini ya picha watazamaji walikuwa wanaandika kutoka huko waliko: *Sauti imekatika. Mtu wa sauti, umelala? Rudisheni sauti.* Nikafunga kompyuta.

Jumatatu asubuhi tulimpeleka kwao. Kwa ajili ya maiti gari lilipatikana, na esansi yake pia. Mtu mmoja aliyekuwa ukumbini alituma pikapu yake bila kuombwa mara mbili. Barabara ya Buhinyuza ni ya vumbi jekundu, inashuka polepole kuelekea upande wa Tanzania. Eliya alikuwa nyuma, ndani ya jeneza la mbao mbichi, na Désiré alikaa naye kule nyuma akilishikilia kwenye mabonde. Aliomba mwenyewe akae huko. Bosco, aliyekaa upande wa pili wa jeneza, hakuwa amemsemesha tangu jana yake.

Mimi na Hassani tulikaa mbele na dereva.

"Neema," Hassani aliniambia, "mama yake atakuuliza. We ndiyo ulikuwa unamsikia."

"Najua."

"Mwambie aliomba Mungu. Mwambie alisema, 'Mama.' Mzazi akisikia ile, analala. Si kumdanganya, ni kumusaidia."

"Hakusema hivyo."

"Mi najua hakusema. Mais quand même, hata hivyo."

Niliwaza neno lile hadi tukafika, na sikupata uamuzi.

Buhinyuza tuliwakuta wamesimama barabarani wanatungoja. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa juu ya shamba la mihogo. Wanakwaya waliimba kwa Kirundi, kisha wimbo mmoja kwa Kiswahili, ule tuliouimba sote kambini, na watu wazima waliokuwa wametulia ndipo walipoanza kulia. Hassani alisimama kando na Waislamu wenzake wawili wenye duka pale, wamekunja mikono. Tulimzika kabla mvua haijaanza.

Baada ya kunawa mikono tulikaa uani, kwenye siku zile za kwanza za kilio ambazo kwetu huitwa kigandaro, wakati watu wa kolini hawalimi. Mama Eliya alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Ni mwanamke mwembamba, mwenye mikono mikubwa. Tangu tulipofika hakuwa amelia.

"Nani kati yenu ndiye aliyekuwa anamsikia?" aliuliza kwa Kiswahili cha kambini.

Nikasogea, nikapiga magoti. "Ni mimi, mama. Mwihangane, poleni sana."

"Mlikuwa mnasikilizana kwa waya?"

"Ndiyo, mama. Kwa waya."

"Alikufa peke yake?"

"Hapana. Mtu wetu alimshika njia nzima. Na kabla ya hapo alikuwa anaongea na mimi."

"Alisema nini mwisho?"

Hassani alikuwa ananitazama. Désiré aliinamisha kichwa. Nilifungua mdomo na maneno ya Hassani yalikuwa tayari hapo ulimini, mazuri, mepesi. Sikuweza kuyatoa.

"Alisema nimemharibia, mama. Aliniomba nisisimamishe mchezo, mimi nikausimamisha. Akanikasirikia. Hayo ndiyo ya mwisho."

Mwanamke mmoja aliyekaa naye alinitazama kama nimemtemea mtu mate.

"Alikasirika kweli?" Mama Eliya aliuliza.

"Kweli kabisa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Huyo ndiye Eliya," alisema. "Ijumaa nilimfichia viatu ili asiende, maana nilimsikia usiku kucha anavuta pumzi kwa taabu. Akavaa vya kaka yake, akaondoka bila kuniaga. Ungeniambia ameomba, mukobwa wanje, binti yangu, ningejua mmeniletea mtoto wa mtu mwingine."

Kisha akanishika mkono kwa nguvu, kama anayetaka kuinuka, lakini hakuinuka. Hapo ndipo alipolia.

Désiré alijikokota hadi mbele yake na kumwambia habari ya mafuta, yote, bila kujitetea. Mama Eliya alimsikiliza hadi mwisho. Hakumsamehe na hakumlaani. Alisema, "Nimekusikia," akageuza uso ukutani.

Kurudi tulipitia Karuzi, siku iliyofuata, kwa esansi ile Bosco aliyoitoa kwenye jenereta. Mvua ilinyesha njia nzima. Karibu na Gitega, Désiré alisema kwamba kwa kanuni mshindi ni yule wa Ngozi, na yeye ndiye atakayekwenda Dar es Salaam. Hassani akamwambia afunge mdomo. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kijana wa Ngozi alikwenda, na nimesikia alitolewa siku ya kwanza kabisa. Désiré ameacha kazi ya kuandaa mashindano. Sasa anauza simenti kwa shemeji yake, na tukikutana tunasalimiana.

Mnaniuliza nilijifunza nini. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba mtu anayesikia kila kitu ana nguvu fulani. Pale Muyinga nilisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, nikasema bila kungoja, na bado hakupona. Sasa kabla ya kufungua mikseri nauliza kila mchezaji anaumwa nini, na namwambia mratibu anionyeshe gari lenye mafuta, si aniahidi. Waratibu wawili hawanipigii simu tena kwa sababu hiyo.

Na hivi karibuni, hapa hapa Gitega, nilisikia tena pumzi mbaya kwenye kaske moja. Kijana alikuwa anaongoza. Aliniomba nisiseme, kwa maneno yaleyale karibu. Nilisimamisha mchezo, tukamtoa nje, akakaa kwenye hewa hadi akatulia, na kiti chake akawa amekipoteza. Alinitukana mbele ya watu wote. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, na kila asubuhi namwona anapita kwenda kazini. Mpaka leo hanisalimii.